Umejifungua Njiti: Kazi Inayokungoja Wodini

Mdogo wangu alijifungua wiki ya 30. Jioni alikuwa uani anachambua mchele, chupa ikapasuka. Kabla ya alfajiri mtoto keshazaliwa, gramu 1,350, kafungwa kitenge na kukimbizwa wodi ya watoto wachanga iliyo ng'ambo ya pili ya jengo. Mama mtu akabaki kitandani, kushoto na kulia wenzake wananyonyesha, yeye mikono mitupu. Mumewe alikuwa getini na beseni jipya na doti mbili za khanga, hajui amuulize nani. Tulipompata nesi alitujibu neno moja: "Subirini." Tukasubiri siku mbili.

Baadaye nilikuja kujua kwamba siku zile mbili hatukuwa na cha kusubiri. Maziwa yalitakiwa yaanze kukamuliwa saa ileile, na mama alitakiwa kuwa karibu na mwanawe mapema iwezekanavyo. Nesi yule hakuwa na ubaya. Alikuwa peke yake na watoto wengi kuliko mikono yake. Ila mzazi asiyejua kazi yake hukaa kwenye benchi, na wodi yenye wahudumu wachache humwacha akae. Makala hii ni ya mama na baba walio kwenye benchi hilo leo, na ya bibi anayepiga simu kutoka kijijini kuuliza mtoto amefikia kilo ngapi.

Njiti ni nani

Mtoto aliyezaliwa kabla ya wiki 37 za mimba kutimia ndiye njiti. Mwaka 2020 watoto wa aina hii walikuwa takriban milioni 13.4 duniani, yaani karibu mmoja katika kila kumi wanaozaliwa, kwa hiyo wewe si wa kwanza na hukulaaniwa. Wengi huzaliwa kati ya wiki ya 32 na 37, na kwa kawaida hao huhitaji zaidi joto, maziwa na uangalizi. Wa wiki 28 hadi 32 huhitaji pia msaada wa kupumua na siku nyingi zaidi za wodi. Walio chini ya wiki 28 ndio walio katika hatari kubwa kuliko wote. Uzito ni jambo jingine: kuna mtoto aliyetimiza miezi yake akazaliwa na kilo mbili, na kuna njiti wa kilo mbili na nusu. Omba upewe hesabu zote mbili, wiki na gramu, uziandike.

Utasikia watu wakikwambia mtoto wa miezi saba hupona ila wa miezi minane hafiki popote. Wanaosema hivyo ni wengi, pwani na bara, na baadhi yao ni watu wazima wenye busara katika mambo mengine. Si kweli. Kila wiki ambayo mtoto ameongeza tumboni humpa mapafu yaliyokomaa zaidi, mafuta zaidi chini ya ngozi na nguvu zaidi ya kunyonya. Wa miezi minane ana nafasi nzuri kuliko wa miezi saba.

Sababu za kujifungua mapema ni nyingi: shinikizo la damu la ujauzito na kifafa cha mimba, maambukizi ya mkojo, malaria, mimba ya mapacha, mlango wa kizazi kushindwa kushikilia. Mara nyingi daktari hutafuta sababu na asiione. Mama, usikae usiku kucha ukihesabu ndoo ulizobeba au ugomvi wa wiki iliyopita. Na wewe mama mkwe, neno "alikuwa hatulii" halimwongezei mjukuu wako hata gramu moja.

Ndani ya mlango

Kabla ya kuingia vua saa, pete na bangili, kunja mikono ya nguo hadi juu ya viwiko, nawa kwa sabuni na maji yanayotiririka, vidole, kati ya vidole na kucha, kisha acha mikono ikauke. Fanya hivyo kila unapoingia, hata kama ulitoka dakika moja kupokea simu. Simu yenyewe ina vijidudu vingi. Ukiishika, nawa tena. Maambukizi huua njiti wengi ambao tayari walikuwa wameshavuka shida ya kupumua, na mengi hupitia mikononi mwetu. Ndugu mwenye mafua abaki nyumbani hata kama amesafiri kutoka Tanga.

Hapa liingie jambo ambalo wauguzi huliogopa kulisema: hirizi, uzi mweusi mkononi na wanja. Ngozi ya njiti ni nyembamba kama utando wa kitunguu, na uzi uliokaza kwenye mkono unaovimba kwa dripu unaweza kuzuia damu. Kama familia yako ina dua zake, zisomwe. Mtoto asifungwe kitu. Akika na kunyoa nywele vinaweza kungoja mtoto apate nguvu, na mashekhe wengi hulielewa hilo wakielezwa.

Vifaa vitakutisha siku ya kwanza. Kile kisanduku cha kioo ni mashine ya joto, kwa sababu njiti hana mafuta ya kujipasha mwenyewe. Mipira miwili midogo puani iliyounganishwa na chupa ya maji inayobubujika husukuma hewa ili mapafu yasijikunje kila anapotoa pumzi. Ukiona mapovu kwenye chupa, mashine inafanya kazi. Taa nyekundu iliyofungwa mguuni hupima oksijeni kwenye damu, na inapolia mara nyingi ni mtoto amerusha teke ikalegea, ingawa kumwita nesi kila inapolia si kosa. Mwanga wa bluu ni wa umanjano, ndiyo maana macho yamefunikwa. Mpira mwembamba unaopita mdomoni au puani hadi tumboni ni wa maziwa.

Na dripu ya kichwani. Mdogo wangu alipoona mwanawe amenyolewa kipande cha nywele na sindano imechomwa juu ya sikio, alianguka. Hakuna aliyemwambia kwamba sindano ile haiendi kwenye ubongo. Ni mshipa wa damu ulio chini ya ngozi tu, na kwa mtoto mdogo huonekana vizuri kichwani kuliko mkononi.

Njiti pia husahau kupumua. Sehemu ya ubongo inayoamuru pumzi haijakomaa, kwa hiyo mtoto anaweza kukaa kimya sekunde 20 au zaidi na rangi ikabadilika. Msugue taratibu mgongoni au kwenye nyayo huku ukimwita nesi. Mara nyingi hurejea. Wengi hupewa dawa ya kafeini kwa ajili hiyo, ndiyo ileile iliyomo kwenye kahawa, kwa kipimo cha daktari pekee.

Nunua daftari la kurasa 40. Raundi ya madaktari huwa asubuhi. Uwepo, na uulize mambo manne: leo ana uzito gani, anapewa maziwa mililita ngapi na kila baada ya saa ngapi, anapumua kwa msaada gani, na dawa hii ni ya nini. Usiogope kuonekana msumbufu. Zamu hubadilika mara mbili au tatu kwa siku, na mtu pekee ambaye hayuko kwenye zamu ni wewe. Kwenye daftari la mdogo wangu ndiko daktari mmoja alikogundua kwamba mtoto alikuwa amerukwa mlo wa saa tisa usiku mara mbili mfululizo.

Maziwa

Maziwa ya siku za kwanza, yale mazito ya njano yanayoitwa dang'a, hutoka matone machache. Kuna watu bado huyamwaga wakidhani ni machafu. Kwa njiti hayo matone ni kinga ya mwanzo dhidi ya vijidudu vya wodini, na hata mtoto ambaye bado hajaruhusiwa kula anaweza kupakwa kidogo ndani ya mashavu. Anza kukamua ndani ya saa moja au mbili baada ya kujifungua kama hali yako inaruhusu, na jitahidi zisipite saa sita. Kama umepasuliwa, omba mtu akusaidie ukiwa umelala.

Namna yenyewe ni hii. Nawa mikono. Chua titi taratibu kuanzia juu kuelekea chuchu. Weka kidole gumba juu na vidole vingine chini, kwenye ukingo wa ile sehemu nyeusi, si kwenye chuchu. Sukuma nyuma kuelekea mbavu, kisha bana, kisha achia. Rudia kwa mwendo uleule, halafu zungusha vidole ili pande zote za titi zikamuliwe. Usivute chuchu, kuvuta kunaumiza na hakutoi maziwa. Matiti yote mawili yanaweza kuchukua dakika 20 hadi 30, na dakika chache za mwanzo pengine hutaona kitu.

Fanya hivyo angalau mara nane kwa saa 24, na usiku usirukwe. Homoni inayotengeneza maziwa hupanda usiku, kwa hiyo mama anayelala kuanzia saa nne hadi saa kumi na moja bila kukamua ataona maziwa yanapungua baada ya siku chache, kisha ataambiwa na majirani kwamba "hana maziwa". Mwili hutengeneza kadiri unavyotolewa. Ukamuaji mzuri kuliko wote ni ule unaofanywa ukiwa umemtazama mtoto, au mara tu baada ya kumtoa kifuani. Uji, mboga, maharage, samaki na maji ya kutosha vinatosha. Pwani watakuletea supu ya pweza. Kunywa, ni chakula kizuri, ila pweza hatakamua kwa niaba yako.

Usishtuke ukiambiwa mlo wa kwanza ni mililita 2 au 3. Ni chini ya kijiko cha chai, na tumbo lake ndivyo lilivyo. Wodi huongeza kidogo kidogo kila siku, kwa sababu utumbo wa njiti ukipewa mzigo mkubwa ghafla unaweza kuugua vibaya, na maziwa ya kopo huongeza hatari ya ugonjwa huo kuliko maziwa ya mama. Kama ya kwako hayajatosha, uliza kwanza kama hospitali ina maziwa ya akina mama waliochangia. Hospitali ya Pumwani, Nairobi, ilifungua benki ya maziwa ya aina hiyo mwaka 2019. Usimpe mtoto maziwa ya mama mwingine kienyeji. Mama anayeishi na virusi vya ukimwi asikae kimya wala asiache kukamua kwa hofu: dawa zake na dawa ya mtoto ndizo zinazomlinda, mradi wahudumu wajue.

Katika joto la Dar es Salaam au Mombasa maziwa yaliyokamuliwa yasikae nje zaidi ya saa nne, na ni bora yatumike papo hapo. Kikombe kiwe na mfuniko, jina la mtoto na saa.

Wakati wa kulisha kwa mpira, nesi huhakikisha kwanza kwamba mpira uko tumboni, kisha maziwa humiminwa kwenye bomba la sindano lililoshikwa juu na kuachwa yashuke yenyewe. Usisukume. Kazi hii utafundishwa na utaifanya wewe, na ukiiweza omba mtoto akae kifuani wakati maziwa yanashuka. Kunyonya, kumeza na kupumua kwa zamu ni ufundi ambao watoto wengi huupata kati ya wiki ya 32 na 34. Kabla ya hapo mwache alambe na kunusa titi lililokamuliwa, ajifunze. Baadaye huja kikombe kidogo, halafu titi. Chupa na chuchu za mpira ni ngumu kuzisafisha, ziache dukani.

Kifua

Mwaka 1978, mjini Bogotá, Colombia, daktari Edgar Rey Sanabria alikuwa na watoto njiti wengi na mashine za joto chache. Watoto wawili watatu walilazwa kwenye mashine moja na kuambukizana. Akawafunga kwenye vifua vya mama zao, ngozi kwa ngozi, kama kangaruu abebavyo mtoto mfukoni. Kilichoanza kwa uhaba kiligeuka kuwa tiba, na hapa ndipo watu wengi hukosea mpaka leo: wanadhani njia hiyo, iitwayo kangaruu, ni ya hospitali maskini zisizo na mashine.

Utafiti mkubwa wa Shirika la Afya Duniani uliochapishwa mwaka 2021 uliwahusisha zaidi ya watoto 3,200 wenye uzito wa kilo 1 hadi chini kidogo ya kilo 1.8, katika hospitali tano za Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania. Ya Tanzania ilikuwa Muhimbili. Kundi moja la watoto lilianza kangaruu mara tu baada ya kuzaliwa, jingine lilisubiri kwanza hali itulie kama ilivyokuwa desturi. Katika siku 28 za mwanzo, kundi lililosubiri lilipoteza karibu watoto 16 kwa kila 100. Lililoanza mara moja, 12. Utafiti ulisimamishwa kabla ya muda wake, kwa kuwa haikuwa haki kuendelea kuwasubirisha wengine. Mwaka 2022 Shirika hilo likatoa mwongozo mpya: kangaruu ianze mara moja, kwa saa 8 hadi 24 kila siku, isipokuwa kwa mtoto asiyeweza kupumua mwenyewe hata kwa msaada wa mashine ya kububujisha hewa, au mwenye hali ya mshtuko.

Kwa hiyo, mama, ukiambiwa mtoto ni mdogo mno kwa kangaruu, uliza kwa upole sababu ni ipi. "Dokta, ni kitu gani kwenye hali yake kinachozuia?" Wakati mwingine sababu ipo kweli. Wakati mwingine ni kwamba hakuna kiti.

Mtoto avae kofia, soksi na pampasi tu. Wewe fungua kifua, bila sidiria. Muweke wima katikati ya matiti, kifua chake juu ya chako, miguu imekunjwa kama chura, kichwa kimegeuzwa upande mmoja na kuinuliwa kidogo ili shingo isikunjike wala isipinde nyuma. Kitenge kimfunge imara kufikia chini ya sikio, kiasi kwamba ukisimama hatelezi, ila tumbo lake libaki na nafasi ya kupanda na kushuka. Mdomo na pua uvione wakati wote. Kila kikao kiwe cha saa moja au zaidi, kwa maana kumtoa na kumrudisha kila dakika kumi humchosha kuliko kumsaidia. Unaweza kutembea, kula, kusali na kulala. Ila usilale chali kabisa: egemea mito, mgongo uinuke. Mwenye mapacha anaweza kuwabeba wote wawili. Mwenye dripu au mpira wa hewa naye anaweza kubebwa, nesi akisaidia kumhamisha mara ya kwanza.

Utaona mwenyewe. Mapigo ya moyo hutulia, miguu hupata joto, naye hulala usingizi ambao hajaupata tangu azaliwe. Shemeji yangu, fundi magari, mtu wa maneno machache, alifungwa mtoto siku ya nne wakati mkewe anaoga. Tulimkuta saa mbili baadaye yuko palepale, jasho linamtoka, amekataa kumtoa.

Baba anafaa kwa kazi hii sawasawa na mama. Ana joto na ana kifua. Bibi pia, shangazi pia, mradi ni mzima na ameoga. Saa nane kwa siku ni nyingi kwa mwanamke mwenye mshono, na saa ishirini hazimkiniki akiwa peke yake. Familia inayotaka kusaidia isije na maua wala msururu wa watu kumi dirishani. Ipange zamu za kifua, na ilete chakula cha moto.

Mama naye ni mgonjwa

Husahaulika. Aliyejifungua mapema kwa sababu ya presha bado anaweza kupata kifafa siku kadhaa baada ya kujifungua, kwa hiyo kichwa kikiuma sana, macho yakiona ukungu au uso ukivimba, aseme. Homa, damu nyingi, usaha kwenye mshono au titi jekundu lenye maumivu makali, aseme vilevile.

Kulia wiki ya kwanza na ya pili ni kawaida. Huzuni inayopita wiki mbili, kukosa usingizi hata mtoto akiwa salama, kutotaka kumgusa, kufikiri kwamba wangekuwa bora bila wewe: hiyo ni maradhi na ina tiba, mwambie nesi unayemwamini. Wapo pia watakaompoteza mtoto baada ya yote. Ikitokea, omba umshike, umwangalie, umpe jina kama hujampa. Hakuna anayepaswa kukuharakisha.

Kuhusu kazi: Tanzania Bara ilirekebisha sheria za kazi mwaka 2025, na sasa likizo ya mama aliyejifungua njiti inaongezewa muda uliobaki hadi wiki 40 za mimba zitimie, na baba anapata siku 7 badala ya 3. Taasisi ya Doris Mollel, ambaye mwenyewe alizaliwa njiti, ililipigania jambo hilo kwa miaka. Omba hospitali barua inayotaja tarehe ya kujifungua na umri wa mimba, uipeleke kwa mwajiri mapema. Kenya, sheria ya ajira inampa mama miezi 3 na baba wiki 2. Gharama zikikuzidi, nenda ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali kabla ya deni kuwa kubwa, wala usingoje siku ya kuruhusiwa.

Mizani

Mtoto atapungua uzito siku za mwanzo, pengine hadi sehemu moja ya kumi, na wengi hurudia uzito wa kuzaliwa ndani ya wiki mbili. Baada ya hapo hutarajiwa kuongeza takriban gramu 15 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku: wa kilo moja na nusu, gramu ishirini na kitu. Kuna siku mizani haitasogea. Siku mbili tatu mfululizo ndizo za kuuliza. Msilinganishe watoto kitanda kwa kitanda. Wodi ya kangaruu ina mashindano makali ya gramu kuliko soko la nyama, na yanaliza watu bure.

Kurudi nyumbani

Hospitali nyingi hazitazami uzito peke yake. Zinataka mtoto anyonye au anywe kwa kikombe bila shida, aongeze uzito kwa siku kadhaa, atunze joto akiwa kifuani, asiwe amesahau kupumua siku za karibuni, na mama awe anaweza kila kitu bila kusimamiwa. Kabla ya kutoka hakikisha daftari lina tarehe ya kliniki ya kwanza, dawa za matone kama madini ya chuma na vitamini na namna ya kuzipima, chanjo alizopata, na kipimo cha macho. Hicho cha macho kisisahaulike kwa aliyezaliwa kabla ya wiki ya 32 au chini ya kilo 1.5: hufanywa akiwa na wiki nne hivi, kwani mishipa ya nyuma ya jicho la njiti inaweza kukua vibaya na kumpofusha huku jicho likionekana zuri kabisa. Uliza na kipimo cha masikio.

Chanjo hufuata tarehe ya kuzaliwa, isipokuwa daktari aseme vingine. Ukuaji hufuata tarehe aliyotarajiwa: aliyezaliwa wiki ya 30, akifikisha miezi sita, mtazame kama wa miezi mitatu na nusu hivi. Hesabu hiyo itumike hadi atimize miaka miwili, na itakuokoa na maswali ya majirani kuhusu kukaa na kutambaa.

Nyumbani kangaruu inaendelea mpaka mwenyewe aikatae, aanze kujinyonganyonga na kutoa mikono nje, mara nyingi anapokaribia kilo mbili na nusu. Usiwashe jiko la mkaa chumbani ili apate joto. Moshi wake usioonekana huua familia nzima. Chupa za maji ya moto zimeunguza watoto wengi. Hana haja ya maji, asali wala dawa ya tumbo. Maziwa peke yake hadi miezi sita, pamoja na matone aliyoandikiwa hospitali. Kitovu kikauke bila majivu wala mafuta. Arobaini ya kukaa ndani itamfaa sana, hasa ikiwazuia wageni wenye mafua.

Kama huna kipimajoto, gusa tumbo kisha nyayo: zote ziwe na joto sawa. Nyayo za baridi, mfunge kifuani mara moja, na asipopata joto ndani ya saa moja, hospitali. Nenda pia, usiku uleule, akikataa kunyonya, akipumua zaidi ya mara 60 kwa dakika au mbavu zikizama anapovuta pumzi, akiwa wa moto, akilegea na kutoamka, akitingishika kwa degedege, akiacha kupumua au midomo ikigeuka bluu, au umanjano ukifika viganjani na kwenye nyayo. Mbebe kifuani njiani, si mikononi. Ukifika getini waambie kwanza kabisa kwamba huyu ni njiti, na useme alizaliwa wiki ya ngapi.